Wamesema Nafanana na Mama Zao

Shailaja aliachishwa kazi siku ya Jumanne, kabla ya chakula cha mchana, na kijana aliyemwachisha alimwita "dada" mara nyingi sana, mpaka neno lenyewe likamkera kuliko habari aliyopewa. Kampuni yao ilikuwa imenunuliwa na matajiri wa Singapore, na matajiri hao walitaka timu wanayoiita nyepesi. Waliotolewa siku ile walikuwa wengi. Ukiwatazama pale getini siku yao ya mwisho, kila mmoja na boksi lake mikononi, huoni hata mmoja aliye chini ya miaka arobaini.

Mimi naitwa Girija. Mlango wangu unatazamana na wake, ghorofa ya pili, mtaa wa Banashankari hapa Bengaluru, na nikiwa jikoni nasikia kila anapoingia na kutoka. Siku ile niliusikia mlango ukifunguliwa mchana mweupe, nikajua kuna jambo. Nilivuka korido nikamkuta amekaa kwenye kiti cha kulia chakula, kitambulisho cha kazini bado kinaning'inia shingoni.

"Wamenitoa, Girija."

"Nani kakutoa? Wewe?"

"Mimi. Wiki mbili zijazo namwachia mtu kazi zangu, halafu naondoka. Huyo mtu mwenyewe ni wa rika la Anagha."

Anagha ni binti yake wa pekee. Wakati huo alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, akisomea kompyuta kama mama yake.

Shailaja alikuwa na miaka arobaini na tisa. Alizaliwa Sirsi, huko kwenye mashamba ya popoo, akaja Bengaluru kusoma uhandisi wakati wasichana darasani mwao walitosha benchi moja. Tangu hapo hakuacha kuandika programu. Alikuwa akitengeneza mifumo ya maghala ya dawa: chanjo ipo rafu gani, kipi kinaharibika kesho, lori lipi lipakiwe kwanza. Kila miaka michache lugha za kompyuta zilibadilika, naye akakaa chini akajifunza nyingine, bila kulalamika. Hakuwa mnyenyekevu, nisikudanganye. Alijua anachokijua na ulimi wake ulikuwa mkali. Mumewe, Gurudatt, mwalimu wa kemia na mtu mpole kupita kiasi, alikuwa akisema ndani ya nyumba yao kuna umeme wa aina mbili, wa serikali na wa Shailaja.

"Kabla ya sikukuu ya Deepavali nitakuwa nimepata kazi," aliniambia siku ile, akivua kitambulisho. Wala hakuwa akijipa moyo. Aliamini, na mimi pia niliamini.

Alianza kuomba. Siku hizi maombi yote ni kwenye mtandao, unajaza visanduku. Asubuhi moja aliniita nikaone.

"Njoo hapa utazame ujinga huu."

Kwenye kisanduku cha mwaka wa kumaliza chuo, ukibofya inashuka orodha ya miaka uchague wako. Orodha ilianzia mwaka 2008. Yeye alimaliza 1997. Akashusha, akapandisha, akashusha tena. Mwaka wake haukuwemo. Fomu nayo ilikataa kwenda mbele mpaka achague.

Akapiga simu kwenye kampuni yenyewe. Alijibiwa na kijana mmoja mchangamfu.

"Madam, chagua wowote tu."

"Nichague wowote vipi? Unataka niseme uongo?"

"Si uongo, madam, ni fomu tu. Lakini, samahani, wewe ulimaliza lini hasa?"

Akamwambia. Kijana akasema mfumo una hitilafu na watampigia. Hawakumpigia.

Wapo wengine waliompigia. Mawakala wa ajira wana sauti tamu sana mwanzoni. Wanasifu wasifu wako, wanasema mteja wao anakuhitaji jana. Kisha swali linakuja: una uzoefu wa miaka mingapi? Shailaja akitaja, sauti inapoa kama chai iliyosahaulika. Mmoja alimwambia waziwazi apunguze. Afute miaka kumi na mitano ya mwanzo, aandike kama vile alizaliwa akiwa na miaka thelathini. Mwingine akamshauri apake rangi nywele.

"Mama, paka tu," Anagha naye akasema. "Kila mtu anapaka. Unapoteza nini?"

"Nywele zangu zina kosa gani?"

"Hazina kosa. Nasema tu."

Alipaka. Nilimpakia mimi mwenyewe, bafuni kwake, Jumapili moja, naye amejifunga taulo kuukuu mabegani. Nilipomaliza akajitazama kwenye kioo, akasema, "Nimekuwa kama mwizi aliyejibadilisha."

Deepavali ikapita. Baada yake tu, kampuni moja ya vijana kule mtaa wa HSR, wanaouza mboga kwa simu na kuzipeleka majumbani, ikatangaza inatafuta mhandisi wa mifumo ya maghala. Kazi ile ilikuwa kama imeshonwa kwa vipimo vyake. Mitihani yao ya kwanza ilifanyika kwenye mtandao, bila sura, bila jina, kila mwombaji ni namba tu. Alifaulu wa kwanza. Akafaulu wa pili na wa tatu. Binti mmoja wa ofisi ya wafanyakazi, jina lake Mahika, alimpigia akasema wakubwa wamefurahi mno, wanataka kumwona ana kwa ana.

Alivaa sari ya pamba ya bluu akaenda. Aliporudi alikuja moja kwa moja kwangu, akavua viatu mlangoni, akanisimulia huku nikikata maharage.

Walimweka kwenye chumba cha vioo. Wakaingia watatu, mwenye kampuni akiwa mmojawapo, kijana anayeitwa Nishchal, amevaa kandambili. Alipomwona, akasita mlangoni. Shailaja aliuona ule msito. Anasema ulikuwa mfupi sana, lakini ameshauona mara nyingi kiasi kwamba angeweza kuutambua gizani.

Hawakumuuliza habari za maghala. Walimuuliza kama anapenda kujifunza vitu vipya. Wakamuuliza kama ataweza kwenda na kasi yao. Kisha Nishchal akajiegemeza nyuma.

"Anti, usinielewe vibaya. Bosi wako atakuwa na miaka ishirini na saba. Utaweza kupokea amri kwake?"

"Akitoa amri yenye akili, nitapokea."

"Na isipokuwa na akili?"

"Nitamwambia. Wewe usingependa uambiwe?"

Wakacheka, yeye hakucheka. Mmoja akasema pale kwao ni kama familia, Ijumaa wanacheza michezo na kuimba, je, nyumbani hawatamsubiri? Shailaja akamuuliza kama swali hilo humuuliza kila mtu. Kijana akatazama kompyuta yake.

"Wameniita anti, Girija," akaniambia. "Watoto wa hapa mtaani wakiniita anti wanataka mpira wao uliodondokea kwenye maua yangu. Yule aliniita anti kwenye usaili wa kazi."

Baada ya siku kadhaa barua pepe ikaja: tunakushukuru, kwa bahati mbaya hukuendana na utamaduni wetu. Shailaja hakuwa mtu wa kumeza kitu kama hicho. Alimpigia Mahika, akaweka sauti kubwa ili nami nisikie.

"Mwanangu, niambie ukweli tu. Sitakutaja popote. Nilikosea wapi?"

"Hukukosea popote, madam."

"Basi?"

Mahika akashusha sauti, nadhani alikuwa ametoka ofisini akasimama kwenye ngazi, maana maneno yalikuwa yanarudi na mwangwi. "Wamesema hawawezi kumkaripia mtu anayefanana na mama zao. Ndivyo walivyosema. Samahani sana, madam. Mimi sina la kufanya."

Shailaja akakata simu. Alisimama akaenda kwenye sinki akaanza kuosha sufuria ambazo zilikuwa safi. Anaziosha kwa nguvu, maji yanaruka ukutani. Niliogopa kumsogelea.

Alimwendea mwanasheria mmoja Jayanagar. Yule bwana alimsikiliza vizuri, akamwagizia kahawa, kisha akamwambia kwamba kampuni binafsi ikikukataa kwa sababu ya umri, hapa kwetu hakuna sheria ya kuishika nayo. Akaongeza kwamba yeye mwenyewe ana miaka sitini na wateja wanampenda kwa mvi zake. Alidhani anamliwaza.

Gurudatt naye akajaribu. "Pumzika kidogo, Shaila. Umefanya kazi sana. Mshahara wangu upo, nyumba ni yetu."

"Wewe ukiambiwa usiingie tena darasani, utapumzika?"

"Mimi sijasema hivyo."

"Umesema nipumzike. Anayepumzika ni aliyechoka. Mimi sijachoka."

Kuanzia hapo Gurudatt akawa anajipikia chai mwenyewe asubuhi na kuondoka mapema.

Mwezi wa Januari kampuni zilikwenda chuoni kwa kina Anagha kuchagua wanafunzi. Anagha alirudi nyumbani jioni, akala, akaenda chumbani. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu Shailaja akamfuata, nami nikaingia naye.

"Umekosa?"

"Nimepata."

"Sasa mbona umekaa kama msiba? Wapi?"

Anagha akataja. Ilikuwa kampuni ile ile ya mboga, kazi ile ile ya mifumo ya maghala. Kwenye usaili walimsifu kwamba ana uelewa mkubwa kwa umri wake. Uelewa huo aliupata wapi? Tangu akiwa na miaka kumi na minne alikuwa anakaa mezani na mama yake akimwona anavyopanga mambo, anauliza, anajibiwa, anabishana.

"Sitaenda, mama," akasema. "Nitawaambia hapana."

Nikwambie kweli, mimi nilitaka akatae. Nilikuwa nimekaa pale na bakuli langu la uppittu, ule uji mzito wa semolina, nikiomba akatae. Lakini Shailaja akamwambia binti yake, "Nenda. Mimi sikukufundisha ili ukae nyumbani na mimi tuwachukie wote wawili. Mmoja anatosha."

"Hutafanya fujo?"

"Fujo ya nini? Nenda ukafanye kazi."

"Niahidi."

"Nakuahidi."

Mwezi wa Julai kampuni ikaandaa siku ya wazazi, kuwapokea wafanyakazi wapya. Gurudatt alikuwa na mitihani ya kusahihisha, au alisema anayo, basi Shailaja akaniomba nimsindikize. Njiani Anagha alimkumbusha ahadi yake mara mbili. Mama yake akajibu kwamba si mtoto. Nywele alikuwa ameacha kuzipaka tangu zamani; zilikuwa nyeupe kuanzia kwenye mizizi mpaka masikioni.

Ukumbi ulipambwa kwa maua ya rangi ya machungwa. Wazazi tulikaa kwenye viti vya plastiki vilivyofunikwa vitambaa, wengine walikuwa wametoka mbali, Raichur, Davangere, wana vumbi la safari miguuni na wanatazama dari kwa fahari. Nishchal akapanda jukwaani. Siku hiyo alivaa viatu.

Akaongea vizuri, ana kipaji cha kuongea. Akasema mji huu umejaa watu wanaojiita wahandisi, lakini watu wa kufaa hawapatikani, amewatafuta kila mahali. Ndiyo maana ameamua kuchukua watoto wabichi na kuwalea mwenyewe. Akasema mizizi ya watoto hawa ni mama zao, na kampuni yake haitasahau kamwe kuwaheshimu kina mama. Watu wakapiga makofi. Nilimtazama Shailaja. Alikuwa ametulia, mikono mapajani, anatazama mbele.

Kisha wakaanza kuwaita kina mama mmoja mmoja. Unapanda, unavishwa shali, unapewa tunda, unapigwa picha, halafu mwenye kampuni anainama anakugusa miguu kuomba baraka. Jina la Shailaja likaitwa. Akaamka, akarekebisha sari, akapanda. Anagha alikuwa amesimama kando ya jukwaa na wenzake, anatabasamu tabasamu la woga.

Nishchal akamvisha shali. Hakumtambua. Kwa hilo nina hakika, maana alimtazama usoni akatabasamu kama alivyowatabasamia wengine wote. Kisha akainama.

Shailaja akarudisha miguu nyuma.

"Usinishike miguu," akasema.

Kijana akabaki ameinama, mkono hewani. Mshereheshaji alikuwa amemsogezea Shailaja kipaza sauti ili atoe neno la mzazi, basi sote tukasikia.

"Umenisahau, eti? Mwezi wa Novemba nilikaa kwenye kile chumba chenu cha vioo. Nilifaulu mitihani yenu yote. Kazi mliyompa binti yangu ndiyo niliyoiomba mimi. Mkanikataa kwa sababu nafanana na mama yako. Leo unanivisha shali kwa sababu nafanana na mama yako. Sasa hebu niambie, mama yako huyo hana kazi nyingine anayoiweza zaidi ya kuvishwa shali?"

Nishchal akasimama wima, uso umemwiva.

"Anti, nadhani tumepishana kidogo. Twende tuzungumze ndani."

"Ndani tulishazungumza. Umesema umetafuta watu kila mahali ukawakosa. Mimi nilikuja mwenyewe, kwa miguu yangu hii unayotaka kuishika."

"Hii siku ni ya watoto," mama mmoja nyuma yangu akasema, kwa hasira. "Ana lake, akaliseme kwake."

"Mwacheni aseme," baba mmoja mwenye masharubu akajibu, bila kumgeukia mtu.

Lakini alikuwa amemaliza. Alivua shali, akalikunja mara mbili kama anavyokunja nguo zake, akaliweka mikononi mwa mshereheshaji, akashuka. Muziki ukawashwa haraka, akaitwa mama mwingine, naye akapanda akavishwa.

Anagha alitukuta kwenye lifti.

"Uliniahidi."

"Nilikuahidi."

"Halafu?"

"Halafu akainama."

"Si ungemwacha ainame, mama? Angeinama, angeinuka, yangekwisha." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Mimi ndiye nitakayekaa nao kesho. Si wewe."

Lifti ikafika, tukaingia sisi wawili, milango ikajifunga Anagha akiwa amesimama nje.

Hawakumfukuza Anagha. Walimtania kwa muda, wakamwita "binti wa shali", kisha wakazoea. Yeye ndiye aliyehama nyumbani, akapanga hosteli ya wasichana karibu na kazini, na kwa miezi kadhaa alikuwa akimpigia baba yake tu. Shailaja alikuwa anasikia simu ikilia chumbani, anaacha anachokifanya, anasubiri aitwe. Haitwi.

Nishchal naye hakudhurika kitu. Tena alinufaika. Aliandika kwenye mtandao andiko refu kuhusu siku ambayo mama mmoja shujaa alimfungua macho juu ya thamani ya uzoefu. Maelfu wakamsifu kwa unyenyekevu wake. Mimi nilisoma mpaka mwisho nikitafuta mahali aliposema amemwajiri mtu hata mmoja mwenye mvi. Hapakuwepo. Baada ya hapo Mahika alipiga simu, sauti yake inatia huruma, akasema bosi anamwomba Shailaja aje awape vijana hotuba kuhusu uzoefu, kwa kujitolea.

"Mwambie nikija hapo nitakuja kufanya kazi," Shailaja akamjibu. "Hotuba nilishatoa."

Kazi aliipata mwaka uliofuata, Peenya, kwa mfanyabiashara wa jumla wa dawa za mifugo. Mzee yule alimuuliza jambo moja tu, kama anaweza kuanza Jumatatu. Cheo ni cha chini kuliko alichokuwa nacho zamani, ofisi iko juu ya karakana, mchana kutwa wanasikia vyuma vikigongwa. Jirani mmoja wa ghorofa ya chini alimwambia amebahatika. Shailaja akamuuliza amebahatika na nini, na yule bwana mpaka leo akimwona anapitia ngazi za nyuma.

Hasira haijamtoka. Watu wanamwambia aiache, itamletea presha. Mimi simwambii. Sioni kwa nini aliyetendewa ndiye aombwe kutulia.

Na Anagha hurudi nyumbani sasa, si kila wiki, lakini hurudi. Wanaongea habari za kazi, za mapishi, za shangazi wa Sirsi. Siku ile ya shali hawaigusi. Majuzi tulikuwa tunakunywa kahawa kwenye baraza lao akasema, bila kumtazama mama yake, kwamba kiongozi wa timu yao ametolewa. Ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote pale. Ana miaka thelathini na sita na mtoto mchanga.

"Wamemwambia nini?" Shailaja akauliza.

"Wanataka timu nyepesi."

Shailaja akaweka kikombe chini. "Mpe namba yangu. Pale kwetu kuna kazi."

Anagha alimpa. Yule kijana alishukuru sana, akasema anaheshimu wazo hilo, lakini kwa sasa anatafuta mahali penye vijana zaidi.